Ulinzi Si Malezi: Wasomaji na Kitabu cha Rosa Mistika

UTANGULIZI

Katika darasa la itikadi la tawi letu hapa Nyahanga, Kahama, tumezoea kusoma maandiko ya siasa: Azimio la Arusha, Mwongozo wa mwaka 1971, hotuba za Mwalimu Nyerere na Katiba ya Chama. Kiangazi kilichopita tuliamua kusoma riwaya. Wapo waliouliza riwaya inahusu nini na siasa. Tuliwajibu kwamba katika riwaya jamii hujisema yenyewe mambo isiyothubutu kuyasema mkutanoni, na kada asiyeyajua mambo hayo atakuwa anawahutubia watu asiowafahamu. Tukachagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Mwandishi huyo alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na sehemu kubwa ya habari za kitabu chake hutokea huko huko Ukerewe na Mwanza, mahali ambapo wengi wetu tuna ndugu.

Hatukutegemea yaliyofuata. Wiki ya tatu darasa liligawanyika. Mzee mmoja, mwanachama tangu siku za TANU, alitaka kitabu kiondolewe katika kabati la tawi. Vijana walimcheka, jambo ambalo halikuwa la heshima wala halikuwa hoja. Akina mama walikaa kimya, na walipoanza kusema walisema jambo ambalo sisi wakufunzi hatukuwa tumeliandaa.

Makala haya yana shabaha ya kuuchambua ubishi huo. Hatukusudii kuwaambia makada kama kitabu hiki ni kizuri au kibaya tu. Tunataka kuuliza: kwa nini kitabu kimoja huwagawa watu hivi, na mgawanyiko huo unatufundisha nini kuhusu kazi yetu?

1. KITABU NA MWAKA WAKE

Rosa Mistika ilitolewa mwaka 1971. Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida katika nchi yetu. Mwezi Februari TANU ilitoa Mwongozo, uliokemea viongozi wenye majivuno na dharau. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Ndoa, baada ya serikali kutoa Waraka wa mapendekezo mwaka 1969 na wananchi kubishana nchi nzima. Sheria hiyo iliamua, pamoja na mengine, kwamba hakuna mume au mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana alipaswa kufikisha 18. Kwa hiyo ilikuwa sheria iliyopiga hatua moja mbele na kuacha mguu wa pili nyuma.

Kabla ya hapo, mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu alikuwa amekiri waziwazi kwamba jamii yetu ya jadi, pamoja na mema yake, ilikuwa na kasoro mbili: umaskini, na hali ya mwanamke. Alisema kwamba mwanamke alifanya kazi kupita sehemu yake ya haki, na kwamba hali hiyo haipatani na ujamaa. Basi suala hili halikuletwa kwetu na wageni. Limo katika msingi wa itikadi yetu, ingawa mara nyingi makada huruka ukurasa huo.

Kitabu chenyewe kinasimulia hivi. Zakaria ni baba mlevi. Mkewe, Regina, ndiye anayelima, anayepika na anayepigwa. Binti yao, Rosa, ni mtoto mtulivu na mwenye akili. Siku moja baba anagundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, naye anampiga vibaya mno. Tangu hapo Rosa anawaogopa wavulana kama anavyowaogopa simba. Anapokwenda shule ya sekondari ya wasichana, mbali na macho ya baba, anakutana na mtu mzima aitwaye Deogratias, na mtu huyo anampotosha. Rosa anabadilika. Chuoni anapotea zaidi, na miongoni mwa wanaume wanaomtumia yumo mkuu wa chuo mwenyewe. Anatoa mimba. Mwishoni Charles anarudi na kutaka kumwoa, lakini anapojua kwamba Rosa si bikira anamkataa. Rosa anajiua. Kitabu kinamalizika kwa kesi mbele ya Mungu, ambapo baba na binti wanashitakiana.

Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni. Ilisemekana kwamba kitawaharibu wanafunzi. Baadaye kiliruhusiwa, kikasomwa katika shule za sekondari na vyuo, na wahakiki wengi leo wanakihesabu miongoni mwa riwaya zilizoifungulia fasihi ya Kiswahili njia mpya. Mwandishi alifariki Januari 2020. Lakini ubishi haukufa pamoja naye, kama tulivyoshuhudia hapa Nyahanga.

2. PANDE TATU ZA WASOMAJI

Upande wa kwanza ni wa wale wanaokipinga. Ni makosa kuwaita washamba. Yule mzee alieleza hoja yake kwa utaratibu. Alisema: sisi tunaishi katika mji wa pesa ya dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, ambao uko karibu kabisa na mji wetu, ulianza mwaka 2009. Machimbo ya wachimbaji wadogo yametapakaa kutoka hapa mpaka Geita. Mwanamume anayetoka machimboni na pesa mfukoni hutafuta pombe na wasichana, na wasichana wetu hupita mbele yake wakienda shule. Mzazi maskini ana nini cha kupambana na pesa hiyo? Ana hofu tu. Kama binti hamwogopi baba, basi mlinzi wa mwisho ameondoka. Sasa nyinyi mnaleta kitabu kinachomfanya baba aonekane ndiye mkosaji!

Hoja hii ina uzito. Inatokana na hali halisi ya maisha, nayo inataja adui wa kweli, yaani pesa inayonunua watu. Kada anayeipuuza hoja hii kwa kisingizio cha usasa hafai kufanya kazi katika mji kama wetu.

Upande wa pili ni wa vijana, hasa wanafunzi. Hao walikipenda kitabu, lakini si wote walikipenda kwa sababu njema. Tulikuwa na nakala nne. Baada ya mwezi mmoja ungeweza kuzitazama ubavuni na kujua ni kurasa zipi zilizosomwa, maana zilikuwa zimechakaa na nyingine bado ni nyeupe. Vijana walizijua kurasa za nyumba za kulala wageni kuliko kurasa za jembe la Regina. Wachache waliosoma chote walisema kitabu kinafundisha kwamba kila mtu aachiwe maisha yake. Huu ni ubinafsi uliovikwa nguo ya uhuru. Rosa aliachiwa maisha yake na kila mtu: baba alimwachia baada ya kumpiga, shule ilimwachia, chuo kilimwachia. Hakuna aliyemsaidia, naye akafa. Mtu anayekisoma kitabu hiki na kuona kinasifu upweke hajakisoma.

Upande wa tatu ulikuwa wa akina mama. Kwa wiki mbili hawakusema. Kisha mama mmoja, ambaye ana kibanda cha chakula karibu na stendi, aliuliza swali dogo: mbona nyote mnazungumza habari za Rosa, na hakuna aliyemtaja Regina?

Darasa lilinyamaza. Ni kweli. Wazee walimshutumu Rosa, vijana walimtetea Rosa, na sisi wakufunzi tuliandaa maswali kumi, yote yakimhusu Rosa. Mwanamke anayelima shamba, anayelisha watoto na kupigwa na mume mlevi alikuwa amepita mbele ya macho yetu kama fenicha ya nyumba. Mama yule akaendelea. Alisema Regina alijua kila kitu lakini hakuwa na ruhusa ya kusema, na kwa hiyo Rosa hakumsikia mwanamke yeyote nyumbani akimkatalia mwanamume jambo. Zakaria alimlinda binti yake kwa kipigo, lakini hakumwachia neno hata moja la kumwambia Deogratias. Mtoto aliyefundishwa kuogopa sauti nzito ya mwanamume, akikutana na sauti nzito nyingine atafanya nini? Atatii.

Hapa tunadhani ndipo penye kiini cha kitabu, nacho hakikufichuliwa na mhakiki wa chuo kikuu bali na mwanamke anayeamka saa kumi za usiku kukaanga maandazi. Rosa hakupotea kwa sababu alikosa ulinzi. Alilindwa kupita kiasi, tena kwa namna ambayo ilimwandaa kuwa windo.

Yule mzee amewahi kuwa askari wa sungusungu. Vikundi hivyo vilianza katika sehemu hizi za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoka kuibiwa ng'ombe na kuuawa, na kazi yao ya ulinzi inajulikana. Tulimwuliza: je, unamlinda binti kama ulivyomlinda ng'ombe? Ng'ombe hana haja ya kujua kwa nini analindwa. Akivuka mto na kutoka katika mikono yako, ni wa yule atakayemshika. Mzee hakujibu siku ile. Lakini swali hilo halimhusu yeye peke yake. Katika sehemu zetu mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na ziko nyumba ambazo hesabu ya mabinti na hesabu ya zizi huandikwa katika daftari moja.

3. UBISHI HUU SI WETU PEKE YETU

Wapo makada wanaodhani kwamba mjadala juu ya mwanamke ni kasumba ya Ulaya. Wapo wengine wanaodhani Ulaya ilimaliza mambo hayo zamani na sisi tumechelewa tu. Wote wawili wamekosea, na mfano wa Ufaransa unatosha kuonyesha hivyo.

Mwaka 1949 mwanamke Mfaransa, Simone de Beauvoir, alitoa kitabu kiitwacho Le Deuxième Sexe, yaani Jinsia ya Pili. Hoja yake kuu ni kwamba unyonge wa mwanamke haukuletwa na maumbile. Umejengwa na malezi, mila, sheria na uchumi, na kwa hiyo unaweza kubomolewa. Tukumbuke kwamba Ufaransa, nchi iliyojisifu kwa mapinduzi ya mwaka 1789, iliwapa wanawake wake haki ya kupiga kura mwaka 1944 tu. Na mke wa Kifaransa hakuwa na haki ya kufanya kazi au kufungua akaunti ya benki bila mumewe kuweza kumzuia mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1965.

Kitabu hicho kilipokelewaje? Waandishi wa kihafidhina walikitukana. Kanisa Katoliki lilikiweka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1956. Hayo yangeweza kutegemewa. La kutuhusu sisi ni kwamba hata wakomunisti wa Ufaransa, waliojiita watetezi wa wanyonge wote, walikibeza. Walidai ni maneno ya mwanamke wa tabaka la juu, na kwamba mwanamke wa kiwandani hana haja nayo. Waliamini kwamba unyonyaji wa bepari ukiondoka, unyonge wa mwanamke utaondoka wenyewe.

Upo ukweli kidogo katika lawama yao. De Beauvoir alitoka katika tabaka la mabepari, na kitabu chake kinajua zaidi saluni ya Paris kuliko shamba. Lakini walitumia ukweli huo mdogo kuukwepa ukweli mkubwa. Mfanyakazi anayenyonywa kiwandani mchana na kumpiga mkewe usiku hajawa mjamaa kwa sababu tu bosi wake ni mwovu. Historia ndiyo iliyowahukumu. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa Rosa Mistika, wanawake 343 wa Ufaransa, de Beauvoir akiwa mmoja wao, walitia sahihi tamko gazetini wakikiri kwamba walikuwa wametoa mimba, jambo lililokuwa kosa la jinai. Wapo waliowatukana hadharani kwa maneno machafu. Mwaka 1975 sheria ilibadilishwa. Mtu anaweza kuafikiana au kutoafikiana na sheria hiyo kwa imani yake. Wengi wa wasomaji wetu hawataafikiana nayo. Tunachosisitiza hapa ni kwamba jambo lililokuwa likitendeka gizani kwa miaka mingi halikuacha kutendeka kwa sababu lilikatazwa kutajwa.

Basi hata huko mwanamke aliyetaja hali yake alishambuliwa kwanza na walinzi wa jadi, kisha na wale ambao walipaswa kuwa wenzake. Chama cha kimapinduzi kinapaswa kujiuliza kiko upande gani.

4. BARUA KUTOKA SENEGALI

Lugha ya Kifaransa imetuletea kitabu kingine ambacho kinatuhusu zaidi, maana kiliandikwa na Mwafrika. Mariama Bâ wa Senegali alitoa riwaya yake Une si longue lettre mwaka 1979. Mwaka 1980 ilipata Tuzo ya Noma, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Riwaya hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu kama Hii. Tuliisoma baada ya Rosa Mistika ili tulinganishe.

Ramatoulaye, mjane, anamwandikia rafiki yake barua. Mume wake alikuwa ameoa mke wa pili, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yake mwenyewe. Hapa tena wasomaji wetu waligawanyika. Ndugu mmoja alisema kitabu kinashambulia dini. Tulimwonyesha kwamba Ramatoulaye ni Mwislamu mwenye imani, anayekaa eda na kuswali. Anachokilalamikia ni wanaume wanaotumia dini kama kitambulisho cha kupitia mlangoni.

Lakini sehemu iliyoligusa darasa ni ile ambayo binti mwingine wa Ramatoulaye, aliye bado mwanafunzi, anapata mimba. Kijana aliyempa mimba naye ni mwanafunzi. Mama anajua kwamba shule itamfukuza binti na kumwacha kijana aendelee na masomo. Anakasirika, anaumia, lakini anamkumbatia mtoto wake na kuamua kusimama naye.

Wekeni baba wa Ukerewe na mama wa Dakar pamoja. Zakaria anakuta barua tu, na anampiga binti mpaka kumvunja moyo wake wote. Ramatoulaye anakuta mimba, na anabaki mzazi. Wazee wetu walisema Ramatoulaye anaendekeza uovu. Akina mama walijibu kwamba binti wa Ramatoulaye yu hai, na Rosa amekufa. Hatukuona jibu la kushinda hilo.

5. KASORO ZA KITABU

Kumtetea Kezilahabi dhidi ya marufuku si kusema kwamba kitabu chake hakina kasoro. Mhakiki wa kijamaa hasifu tu.

Kwanza, kitabu hakimpi Rosa mahali pa kusimama. Ana elimu, anakwenda kuwa mwalimu, lakini hatumwoni akiwa mtenda kazi mwenye heshima yake katika jamii. Thamani yake yote inapimwa kwa wanaume: baba, mlaghai, mkuu wa chuo, mchumba. Wale waliosema kitabu kinafundisha umalaya hawakuona kwamba mwandishi alimwadhibu Rosa kwa ukali kuliko mhubiri yeyote. Alimwua.

Pili, kesi inapelekwa mbinguni. Hii ni njia nzuri ya kumalizia hadithi, lakini ni njia mbaya ya kumalizia suala. Mkuu wa chuo anayemtumia mwanafunzi wake hapaswi kungoja siku ya kiyama. Anapaswa kushitakiwa wilayani.

Tatu, wanawake katika kitabu hiki hawakutani. Regina anateseka peke yake, Rosa peke yake. Hapa Penina Muhando alikwenda mbele zaidi. Katika tamthilia yake ya Hatia, ya mwaka 1972, alishughulikia msichana anayerudi kijijini na mimba, na jinsi kijiji kizima kinavyoingia katika jambo hilo. Katika Nguzo Mama, ya mwaka 1982, aliwaweka wanawake wa kijiji cha Patata wakijaribu kuisimamisha nguzo kwa pamoja. Wanashindwa, kwa sababu ya mgawanyiko wao, umaskini wao na wanaume wao. Lakini wanashindwa wakiwa pamoja, na msomaji huondoka akijua ni kamba ipi iliyokatika. Kushindwa kwa namna hiyo kunaweza kurekebishwa. Kwa Rosa hakuna cha kurekebisha ila kuzika.

Hata hivyo, kasoro hizi hazikuwa sababu ya marufuku. Kitabu hakikukatazwa kwa sababu kilimwua Rosa. Kilikatazwa kwa sababu kilisema ni nani waliomfikisha hapo: baba wa nyumba, mtu mwenye mshahara na mkuu wa chuo. Hao ndio walinzi. Na walinzi walipotajwa, walifanya kile walichokijua, yaani kile alichokifanya Zakaria alipoiona barua. Marufuku ile ilikuwa kipigo cha Zakaria kilichohamishiwa mashuleni. Haikumwuliza Rosa lolote. Ilimnyang'anya barua tu.

6. KUJIKOSOA

Anayekosoa lazima aanze na nafsi yake. Nasi tuna la kusema.

Miaka kadhaa kabla ya 2021 tulikuwa wajumbe wa bodi ya shule moja. Uliletwa mbele yetu mkutasari wa msichana wa kidato cha tatu aliyekutwa na mimba alipopimwa. Kanuni za wakati ule ziliruhusu kumfukuza kwa kosa dhidi ya maadili. Shauri lilichukua muda mfupi kuliko shauri la bati za paa lililotangulia. Mtu aliyempa mimba hakutajwa, ingawa kila mjumbe alijua kwamba ni mnunuzi wa dhahabu ambaye amechangia mifuko ya saruji. Mjumbe mmoja aliuliza kama tunaweza kumwita mzazi kwanza. Mwenyekiti alitutazama sisi, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na elimu ya itikadi pale. Hatukusema neno. Mikono iliinuliwa, na wetu ulikuwa miongoni mwake.

Mwaka ule ule tulifundisha somo la usawa wa binadamu katika darasa la tawi, na tulilifundisha vizuri.

Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume anayempa mimba mwanafunzi. Mwaka huo wa 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu wasichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba ya nchi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki uamuzi huo. Hizi ni hatua kubwa. Lakini msichana yule wa kidato cha tatu hazikumkuta. Na alikuwepo mtu katika chumba kile ambaye angeweza kusema hata kama sheria haikumlazimisha.

Tulipolieleza darasa jambo hili, yule mama wa kibanda hakutulaumu. Alisema tu kwamba naye binti yake alitolewa shule kwa namna hiyo hiyo, mahali pengine, na kwamba siku zote alikuwa akijiuliza watu wa bodi hufikiri nini wanapoinua mikono. Sasa amejua. Walikuwa hawafikiri chochote.

HITIMISHO

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo matatu kwa makada wenzetu.

Kwanza, kada anapoletewa kitabu kinachowaudhi watu, asiulize kwanza kama kitawaharibu vijana. Aulize kinamshitaki nani, na kama mshitakiwa ndiye huyo anayetaka kifichwe. Mara nyingi atapata jibu mapema.

Pili, vitabu vya namna hii visisomwe na vijana peke yao wala na wazee peke yao. Yule mzee wa TANU hakubadili msimamo wake juu ya kurasa kadhaa za Rosa Mistika. Lakini alitoa sharti ambalo tulilikubali kwa moyo mmoja: kitabu kisomwe na mzazi na mtoto katika darasa moja, ili mtoto amsikie baba akisema anachoogopa, na baba amsikie mtoto akisema anachokutana nacho njiani. Sharti hili lina busara kuliko marufuku, na kuliko kicheko cha vijana.

Tatu, matawi ya Chama na ya UWT katika miji ya machimbo yasiridhike na semina za siku moja juu ya mimba za utotoni. Yajue ni wasichana wangapi wa kata waliostahili kurudi shuleni tangu Waraka wa 2021 na hawakurudi, majina yao, na sababu. Hiyo ni kazi ya siasa kama ilivyo kazi ya kuandikisha wanachama.

Kitabu kimebaki kabatini. Tumefungua daftari la kuazimia, na jina la kwanza ni la yule mama. Ameandika kwamba atakisoma na binti yake, ambaye sasa ana mtoto anayeanza darasa la kwanza mwakani. Kazi ya tawi ni kuhakikisha kwamba mama wa mtoto huyo naye anaandikishwa mahali pa kumalizia masomo aliyokatizwa. Tutaitoa taarifa ya jambo hilo darasani, na yeyote kati yetu atakayeona tumenyamaza tena, ana haki na wajibu wa kutuuliza.